Kifungo Mtoro Afika Kwenye Kola

Kambini, 11 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti, si umesimama juu yake.

Mimi ni mzima wa afya. Kazi yangu ni ile ile ya kupima kina cha maji ya bwawa asubuhi na jioni na kumpelekea bosi namba, naye huziangalia kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. Ninalala kwenye kontena lililotobolewa madirisha. Jua likiwaka nakauka, mvua ikinyesha siwezi kusikia hata mawazo yangu mwenyewe. Mtandao hakuna kabisa. Simu yangu huku ni saa na tochi tu, na barua zinakuja na kwenda na lori la mahitaji. Kwa hiyo itabidi tuandikiane kama watu wa zamani, na mwandiko wangu utauzoea.

Baba aliniambia kabla sijaondoka kwamba plasta uliyofungwa ulipoanguka kutoka kwenye kiti imetolewa lakini vidole vya mkono wako wa kushoto vimekakamaa. Akaniambia pia kwamba mtaalamu wa viungo alikupa mpira wa kuminya, na wewe ukampa mbwa wa jirani. Shangazi! Mbwa yule ana miguu minne mizima, mpira wa mazoezi wa nini?

Basi, kama hutaki mpira, nakutumia kitu kingine. Ndani ya bahasha kuna flashi, nimeifunga kwenye soksi isivunjike. Mpe yule fundi simu wa mlango wa pili akuwekee kwenye kompyuta ya dukani, ile unayoifunika kwa kitambaa kama maiti. Ni michezo ya zamani, ya bure. Ya siku hizi inataka mtandao, inataka kadi ya benki, inataka kompyuta yenye nguvu, na ukishaingia inakuuliza kama ungependa kununua upanga. Hii ya zamani haikuulizi kitu. Ilitengenezwa na watu waliopenda tu kutengeneza, wakaigawa kwa yeyote anayetaka. Nimeicheza tangu shule na huku kambini naicheza tena, na bado inanipa raha ile ile, wakati mwingine zaidi, maana sasa najua ninachokifurahia.

Kuna nyoka anayekula na kurefuka. Kuna karata za kucheza peke yako. Kuna matofali yanayodondoka, kuna mpira unaobomoa ukuta, kuna uwanja uliofichwa mabomu. Na kuna mmoja unaitwa Kifungo Mtoro. Huo uchezee mkono wa kushoto tu.

Nisalimie wateja wako wote, hata yule mwalimu wa kwaya anayebishana na tepu yako ya vipimo.

Mwanao,
Kiberiti

*

Dukani, 2 Februari

Mwanangu Kiberiti,

Marahaba, tena marahaba nyingi. Mimi sijambo. Baba yako hajambo, kitambi kinaendelea vizuri. Mama yako amepaka sebule rangi ya kijani ambayo sitaisema zaidi, ukirudi utajionea. Mbwa wa jirani anakushukuru.

Mkono wangu ni mzima. Nani kasema umekakamaa? Kuna vidole viwili vivivu kidogo, basi. Watu wa familia hii wakisikia mtu amepiga chafya wanatafuta sanda.

Flashi imefika. Fundi simu ameiweka, akatoa kitambaa changu juu ya kompyuta bila ruhusa, akapuliza vumbi mpaka wateja wakakimbia. Nimeicheza michezo yako ili nisikuvunje moyo, na sasa nakupa hukumu.

Nyoka ni mlafi na mwisho wake anaustahili. Karata nimezipenda, lakini ni mchezo wa mtu anayemngoja mtu mwingine, na mimi simngoji yeyote. Mabomu ni uchawi. Nilibonyeza mara moja tu, uwanja mzima ukalipuka, sikufanya kosa lolote. Mpira wa ukuta unanikumbusha watoto wa shule wakipita nje. Matofali ndiyo mchezo hasa! Ni kama kupanga vipande vya suti kwenye kitambaa kisichotosha. Nilianza baada ya chai, nikaja kushtuka mteja amesimama mlangoni na mfuko wake, sijui alikuwa hapo tangu lini.

Sasa hicho Kifungo Mtoro. Nilifungua, nikaona kifungo chekundu kinatoroka kutoka kwenye shati, kinakimbia mfukoni, mkasi unakifukuza. Nikatazama mfuko wenyewe. Ni mfuko wangu! Una mshono ule wa pembetatu pembeni ambao hakuna anayeushona ila mimi na marehemu babu yako. Wewe mtoto, ulikaa dukani kwangu miaka yote ile ukaniambia unafanya kazi ya shule. Kumbe ulikuwa unatengeneza mchezo. Na jina lako hukuandika. Uliogopa nini?

Kitu kimoja sikielewi. Kwa nini vitufe vyote viko upande wa kushoto? Mtu mwenye akili timamu angetumia mkono wa kulia.

Ngoja nikuambie lingine, maana utalisikia hata hivyo. Baba yako, Mkaguzi wetu wa mahesabu, amekuja na kikao chake cha mtu mmoja. Anataka nifunge duka, nihamie kwake, nilale chumba cha wageni, nipumzike. Nilimuuliza napumzika kutoka kwenye nini. Tumebishana mpaka tukafika kwenye ile kanuni ya babu yako: hakuna anayeitwa fundi nyumba hii mpaka ashone kola mbele ya mwenzake, ikunjwe katikati, ncha mbili zibusiane. Mkaguzi anasema mwisho wa Juni atakuja dukani. Nikishona kola mbele yake na ncha zikibusiana, hatasema neno tena. Zisipobusiana, nampa ufunguo. Nimekubali. Nilikuwa na hasira, lakini nimekubali, na neno langu ni neno.

Amekuandikia kuhusu hilo? Usinidanganye.

Shangazi yako,
Fundi

*

Kambini, 21 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza na nimejifunza kupika wali juu ya jiko linaloyumba. Wenzangu wanaula bila kusema kitu. Sijui kama ni adabu au ni majonzi.

Nimecheka hukumu yako mpaka fundi mabomba akaja kugonga kontena. Umenishika. Ndiyo, ni mimi. Sikuandika jina kwa sababu ningeandika, ungenituma kufagia.

Unauliza kwa nini mkono wa kushoto. Hukumbuki? Meza ya kompyuta ilikuwa kushoto kwangu, cherehani yako kulia. Kila ukishona mapazia ulikuwa unaniambia, "Shika pindo lisiburuzike." Mkono wa kulia ulikuwa mali yako. Nilibaki na wa kushoto, nikautengenezea mchezo. Kidole kidogo kinapanda, cha pete kinashuka, cha kati kinakwenda mbele, cha shahada kinarudi, na gumba linaruka mkasi. Kila kidole kina kazi yake, hakuna kinachokaa bure. Sikujua kwamba siku moja vidole vyako vya kushoto vitauhitaji.

Hatua ni nne. Mfuko, Mkono, Pindo na Kola. Kwenye Kola kifungo lazima kipite ukingo wote kikiacha uzi nyuma, mpaka ncha ya kwanza, kirudi, kiende ya pili, na nyuzi zilingane. Nilipokuwa mdogo niliwagawia darasa zima. Hakuna aliyemaliza. Hata mimi sikumaliza. Unakumbuka nilivyoshona kola yangu ya mtihani? Ulisema ncha zinaangaliana kama majirani waliogombania mpaka. Nadhani hatua ile niliitengeneza kwa kisirani.

Basi tushindane. Mimi nitacheza huku kwenye laptopu ya kazi, wewe huko. Atakayetangulia kufika Kola amtumie mwenzake barua ya majivuno.

Mama umwambie kijani kinapendeza.

Mwanao,
Kiberiti

*

Dukani, 16 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu kwa furaha kubwa. Wote hawajambo, mwalimu wa kwaya ameleta vitambaa vya sare na ameanza kubishana na tepu mapema.

Kuhusu baba yako hukujibu. Nimeona.

Sasa keti vizuri, hii ndiyo barua ya majivuno. NIMEFIKA KOLA. Mfuko niliuvuka wiki ya kwanza. Mkono ulinisumbua, maana kidole kidogo kilikuwa hakitaki kushuka peke yake, kila kikishuka kinamvuta na jirani yake. Nikawa nakitukana. Wateja wakadhani nawatukana wao. Kisha siku moja kikashuka chenyewe, bila kumwita mtu, kifungo kikapanda begani, nikapiga kelele mpaka fundi simu akaja na bisibisi akidhani nimeibiwa. Pindo nililivuka jana. Kola bado. Nafika nusu ya ncha ya kwanza, mkasi unanikata.

Wewe umefika wapi? Mbona huringi? Najua umeshindwa, mpima maji wewe. Mimi naendelea taratibu, kifungo kinatembea kama mzee anayetoka sokoni, nakipeleka ninakotaka.

Fundi

*

Kambini, 3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo.

Nimesoma barua yako mara kadhaa na sijui niseme nini, kwa hiyo nitasema tu. Mimi niliyeutengeneza mchezo huu, mwenye vidole kumi vizima, nimekwama kwenye Mkono. Kifungo changu hakitembei kama mzee. Kinakimbia kama kimeiba. Nikigusa kitufe kimeshagonga mkasi. Nimejaribu kila jioni na sijafika hata kwenye kiwiko. Na wewe unaniambia umefika Kola, kwa vidole vilivyotoka kwenye plasta juzi?

Nani anakuchezea? Fundi simu? Au unatumia mkono wa kulia? Niambie tu ukweli. Sikukutumia mchezo ili unidanganye, nilikutumia ili mkono upone. Juni haiko mbali. Kola ya kitambaa haitakubali kuchezewa na fundi simu.

Na ndiyo, Baba aliniandikia. Tangu Januari. Anasema unaficha hali ya mkono, anaomba nikushawishi ufunge duka. Sikukwambia kwa sababu sikutaka kuwa upande wake. Lakini sasa najiuliza kama yeye ndiye anayekujua kuliko mimi.

Kiberiti

*

Dukani, 24 Aprili

Kwa Mpima Maji,

Salamu. Wote hawajambo.

Sina haja ya kuchezewa na mtu. Tangu nimezaliwa sijawahi kumpa mtu mwingine kazi yangu aifanye halafu nikaitia jina langu. Baba yako akinihesabu mimi mwongo, namvumilia, ni kaka yangu na amezaliwa akikagua. Wewe nilikushikisha pindo.

Kompyuta ya dukani imekufa. Ilitoa moshi mwembamba na harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, ikazima. Fundi simu anasema haiponi. Amenikopesha laptopu yake mpya, amehamishia mchezo humo. Nimeufungua leo, na kifungo kinakimbia kama kimeiba, kama ulivyosema. Kumbe na wewe kilikuwa kinakimbia. Sijui kwa nini, na sitaki kujua. Nimeanza upya kutoka Mfukoni.

Umesema mkono hauwezi. Utaona kama hauwezi.

Fundi wa duka hili

*

Kambini, 19 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia. Sijapata barua yako yoyote tangu ile ya majivuno. Wanasema mto umebeba daraja la chini na lori linapita njia ndefu, linasahau mifuko ya barua au linailoanisha. Lakini nadhani hata daraja lingekuwapo usingeniandikia, na ungekuwa na haki.

Nimekukosea. Sikiliza nilivyogundua. Kwenye chumba cha pampu kuna kompyuta ya zamani, ya umri wa ile ya dukani, inayorekodi kina cha maji. Juzi ilikuwa imepumzishwa, nikaweka flashi nikafungua Kifungo Mtoro. Kikatembea taratibu! Kama mzee anayetoka sokoni, kabisa kabisa. Nikakaa chini kwenye ndoo. Nikakumbuka: nilipouandika mchezo sikuupa saa. Niliuambia tu ukimbie kadiri mashine inavyoweza. Kwenye kompyuta ya dukani, iliyochoka, ulikwenda polepole. Kwenye mashine mpya unakwenda kwa nguvu zote za mashine mpya. Si wewe uliyedanganya. Ni mimi niliyesahau saa.

Nimelia kidogo, nakwambia wazi. Ulikuwa unapigana na kidole kimoja kimoja, unashinda, na mimi nikakuita mwongo.

Baba nimeshamjibu. Nilimwandikia hivi: "Mngoje mpaka Juni kama mlivyokubaliana, na siku hiyo mtazame vidole, usimtazame usoni, maana usoni atakutisha." Hakunijibu.

Naomba kitu kimoja. Uendelee na kompyuta ya dukani. Usijaribu kwenye mashine mpya. Kwenye mashine mpya Kola haiwezekani, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvunjika kitu. Nimejaribu, najua. Utaumiza mkono bure.

Nisamehe.

Kiberiti wako

*

Dukani, 30 Juni

Mwanangu Kiberiti, mtoto wa kaka yangu, uliyeshika pindo,

Marahaba! Marahaba kubwa ya kufika mpaka kwenye bwawa lenu! Mama yako hajambo, ameongeza kijani kwenye korido. Mwalimu wa kwaya amekubali vipimo vyake baada ya kupimwa na watu tofauti. Mbwa wa jirani ameutafuna ule mpira ukaisha.

Barua yako ya Mei imefika leo asubuhi, imelowa, imeandamana na magazeti ya mwezi uliopita. Nimeisoma nimesimama katikati ya duka. Nilipofika pale unaposema kwamba kwenye mashine mpya haiwezekani, nilicheka mpaka nikashika meza. Umechelewa, mwanangu! Nimeshashinda!

Nilishinda Jumanne ya wiki iliyopita. Nisikilize vizuri. Ile laptopu ya fundi simu ilinitesa. Wiki za kwanza sikuvuka hata Mfuko. Nililala na hasira, nikaamka na hasira, nikawa nakuja dukani mapema, kabla ya wateja, nikanywa chai, nikakaa. Vidole vikawa havina muda wa kufikiri kama vinauma. Mkasi ukija, gumba limeshabonyeza kabla sijaliambia. Mtaalamu wa viungo alikuja kuchukua koti lake akanikuta nacheza, akasimama nyuma yangu, akauliza mchezo huo unapatikana wapi, ana wagonjwa wanaochukia mpira. Nimempa. Ni wa bure, si ndivyo?

Siku ya Jumanne nilikwenda ncha ya kwanza, nikarudi, nikaingia ncha ya pili. Sikupumua. Fundi simu alikuwa mlangoni na mteja wake, nao hawakupumua. Uzi ukafika, ukalingana. Fundi simu akapiga kelele, mteja wake akapiga kelele ingawa hakujua ni za nini, mimi nikaruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Na nilipotazama kioo ili nione zawadi yangu, unajua nilikuta nini? Umeandika wewe, kwa herufi kubwa: HAPA HATAFIKA MTU. MWISHO NITAUANDIKA KESHO.

Kesho gani hiyo, mvivu wewe? Miaka mingapi imepita!

Sasa la kweli. Baba yako alikuja juzi, Jumamosi, amevaa kiofisi, mkononi ameshika mfuko wa kutilia ufunguo. Amekuja na mfuko kabisa! Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikakata kitambaa cheupe na kile kigumu cha ndani, nikabana pini, nikakaa kwenye cherehani. Nilimwona hanitazami usoni. Alikuwa anatazama vidole. Nilishangaa, mpaka leo niliposoma barua yako.

Nilianza vizuri. Kwenye ncha ya kwanza mkono wa kushoto uliongoza kitambaa kama zamani, kikapita chini ya sindano kimenyooka. Kwenye ncha ya pili kidole kidogo kilitaka kukaza. Nikakisikia. Nikasema moyoni, wewe umevuka mkasi unaokimbia kama umeiba, hapa kuna sindano inayokwenda kwa mguu wangu mwenyewe, unaogopa nini? Kikalegea. Nikapindua ncha, nikapiga pasi, nikampa.

Akaikunja mwenyewe. Akaipeleka dirishani penye mwanga. Akaikunjua, akaikunja tena. Mkaguzi ni Mkaguzi. Halafu akakohoa, akasema, "Hii kola ni ya shati la nani?" Nikamwambia, "Si lako." Akacheka, na akicheka anafanana na babu yako mpaka inaniuma. Akasema hakuwa anataka duka, alikuwa anaogopa kuambiwa nimeanguka tena na hakuna aliyenisikia. Nikamwambia hilo angelisema Januari tungelikunywa nalo chai. Kiti cha kupandia amekichukua yeye badala ya ufunguo. Amelipia ngazi yenye mikono, iko dukani, ni mbaya kama sebule yenu lakini haiyumbi.

Kisha akaniuliza huo mchezo ni upi. Nikamkalisha. Mkaguzi wa mahesabu, mtu mzima, hajavuka Mfuko! Amesema atarudi Jumamosi. Nimemwambia mkono wa kushoto tu, na asinichafulie kibodi.

Nikuambie kitu nilichokuficha. Januari, ulipoandika barua yako ya kwanza, sikuweza kufunga kifungo cha blauzi yangu. Nilikuwa nakuja dukani nimejifunika mtandio ili watu wasione. Niliogopa, mwanangu. Sikumwambia mtu. Leo nimevaa ile blauzi yenye vifungo vidogo mgongoni, na nimevifunga vyote mwenyewe.

Kola naituma ndani ya bahasha hii. Ni yako. Ikunje.

Shangazi yako,
FUNDI

*

Kambini, 17 Julai

Fundi wangu, Shangazi,

Shikamoo. Leo lori limepita daraja jipya na limeleta barua zako mbili kwa pamoja, ya Aprili na ya Juni. Nilifungua ya Aprili kwanza. Nilisoma "wewe nilikushikisha pindo" nikakaa kitandani, sikutaka kufungua ya pili. Fundi mabomba ndiye aliyeifungua, kwa sababu aliona imevimba akadhani ni chakula.

Shangazi, niliisoma kwa sauti. Kantini nzima ilisimamisha vijiko. Ulipofika ncha ya pili, bosi, yule wa chai isiyo na sukari, akasema, "Ngoja, ngoja, rudia hapo." Nikarudia. Na kidole kilipolegea walipiga meza mpaka chumvi ikamwagika.

Kisha nikaikunja. Nilinawa mikono kwanza. Niliikunja katikati mbele yao wote, nikaiinua penye taa, na ncha zikabusiana, hakuna hata uzi mmoja uliompita mwenzake. Walipitishiana kola hiyo mezani kwa vidole viwili viwili, watu wenye grisi mpaka kwenye viwiko, na imenirudia nyeupe kama ilivyotoka. Nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kitu nilichotengeneza mwenyewe. Wewe ndiye mtu wa kwanza kufika pale, na ulifika kwa njia ambayo niliandika kwa mkono wangu kwamba haipitiki.

Wanaucheza wote sasa. Kwenye mashine mpya hakuna aliyevuka Mkono. Bosi anasema kitufe chake kimeharibika.

Baba ameniandikia pia. Barua ya mistari miwili: "Nilitazama vidole. Asante." Chini yake ameongeza, "Mkasi wa Mfukoni unarukwaje?" Sitamwambia. Na wewe usimwambie.

Naweka flashi mpya ndani ya soksi ile ile. Mchezo ni ule ule. Nilitaka kuupa saa ili utembee taratibu kwenye kila mashine, nikajua ungenirudishia kwa hasira, kwa hiyo kasi nimeiacha. Nimebadilisha vitu viwili tu. Mwanzoni, pale shati linapofunguka, sasa kuna jina langu, na juu yake kuna lako. Na ile kesho imefika: mwisho nimeuandika.

Sikwambii mwisho huo unasemaje, Shangazi. Upo pale pale, baada ya ncha ya pili.

Kiberiti